Alijigonga kichwa siku tatu zilizopita na anasema yu mzima. Nimpeleke hospitali?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mume wangu ana miaka 44. Jumapili usiku aliteleza bafuni akajigonga kisogo sakafuni. Hakuzimia. Alitoka nundu, akatapika mara moja, nami nikamkesha hadi asubuhi maana nilisikia aliyegonga kichwa haachwi alale. Jumatatu akaenda kazini. Leo ni Jumatano, kichwa kinazidi kumuuma, na tangu jana anachanganya majina ya watoto. Yeye anasema ni uchovu, na nundu yenyewe imekwisha. Mwaka jana alipata donge la damu mguuni, na mpaka sasa anameza dawa ya kuzuia damu kuganda. Nimpeleke au ningoje? Tuna mtoto wa miezi minane na mwingine wa miaka sita. Wakianguka, nitajuaje lipi la kukimbilia hospitali na lipi la kuachia nyumbani?

JIBU: Dada, mpeleke leo. Usingoje kesho, na wala usimalize kwanza kusoma jibu hili. Yaliyobaki utayasoma mkiwa mmekaa mnasubiri kuonwa.

Nendeni hospitali yenye kipimo cha CT, yaani mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa kwa mionzi, au ile iliyo karibu inayoweza kumhamishia penye kipimo hicho bila kuchelewa. Asiendeshe gari yeye. Beba boksi la dawa yake na uikumbuke saa aliyomeza mara ya mwisho, kwa sababu hilo utaulizwa mapema, na jibu lako litawasaidia kuchagua namna ya kuipunguza nguvu dawa hiyo ikionekana kuna damu inayovuja. Wakati wa dozi nyingine ukifika kabla hajaonwa, asimeze mpaka daktari aseme. Njiani akianza kusinzia isivyo kawaida, akitapika tena, akipata degedege au upande mmoja wa mwili ukalegea, hapo ni dharura kamili: ita gari la wagonjwa, na kama halipatikani upesi, tumieni usafiri wowote ulio karibu.

Katika barua yako mambo matatu yamenitosha. Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Kichwa kinazidi kuuma badala ya kupoa. Na ameanza kuchanganya majina. Lolote kati ya hayo, hata likiwa peke yake baada ya kugonga kichwa, lingenifanya nitake aonwe. Yote matatu kwa pamoja hayaachi nafasi ya kujadiliana na mgonjwa. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2023 unamtaka daktari afikirie CT kwa mtu anayetumia dawa za aina hii hata akiwa hana dalili nyingine yoyote. Mume wako anazo.

Sasa nieleze kwa nini mtu anaweza kwenda kazini Jumatatu na kuwa hatarini Jumatano.

Fuvu la mtu mzima ni boksi la mfupa lisilotanuka. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo wenye uzito wa takriban kilo 1.4, damu iliyomo kwenye mishipa, na maji yanayouzunguka ubongo, ambayo ni kama mililita 150. Damu ikianza kuvuja na kujikusanya mahali, lazima kitu kingine kipishe. Mwanzoni maji husukumwa kuelekea kwenye uti wa mgongo, na damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hubanwa ikatoka. Muda huo wote mgonjwa anaweza kuonekana mzima kabisa, anakula, anapiga soga. Lakini nafasi hiyo ina mwisho. Ikishajaa, kiasi kidogo tu cha damu ya ziada hupandisha shinikizo ghafla, na ubongo huanza kubanwa. Ndiyo maana wagonjwa hawa hawazidiwi polepole kwa kipimo sawa. Hukaa vizuri, vizuri, kisha wakaanguka.

Damu hiyo huvuja kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya kasi. Kwenye panja, mfupa wa fuvu ni mwembamba, na kwa ndani yake umepita mshipa wa ateri, ule unaopeleka damu kutoka moyoni. Mfupa ukipasuka hapo, ateri nayo inaweza kuchanika, na damu hujikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo kwa muda wa saa chache. Machi 2009, mwigizaji wa Uingereza Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza juu ya theluji huko Quebec, Kanada. Aliinuka, akaongea vizuri, na gari la wagonjwa lililokuwa limeitwa likarudi bila yeye. Baadaye siku hiyohiyo kichwa kikaanza kumuuma. Siku mbili baada ya kuanguka alikuwa amefariki, na uchunguzi ulionyesha damu ya aina hii hasa. Hakuwa mzembe. Alijisikia mzima, na wakati ule alipojisikia hivyo alikuwa anasema kweli.

Njia ya pili ni ya polepole, nayo ndiyo ninayoihofia zaidi kwa mume wako. Kuna vena ndogo zinazovuka kutoka juu ya ubongo kwenda kwenye utando wake. Zikikatika, damu hutoka kidogo kidogo, kwa siku na hata kwa wiki. Kwa anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda, tundu ambalo kwa mtu mwingine lingejiziba lenyewe linaendelea kuvuja. Wazee nao wamo katika hatari hiyo, na watu wanaokunywa pombe sana, kwa kuwa ubongo wao umesinyaa na vena hizo zimevutika. Zinakatika kwa pigo ambalo mtu hata halikumbuki. Mzee anaanza kuburuta mguu, kulala mchana kutwa na kusahau majina, familia inasema ni uzee, na kumbe wiki nne nyuma alijigonga kwenye fremu ya mlango. Uzee hauji ndani ya mwezi mmoja. Nikisikia mzee amebadilika ghafla hivyo, swali langu la kwanza ni kama aliwahi kuanguka, na swali hilo simwulizi yeye peke yake. Mara nyingi damu hiyo hutolewa kwa kutoboa tundu dogo kwenye fuvu, na wapo wanaoamka kitandani wakiwa wamerudiwa na akili zao zilezile.

Nimesema simwulizi yeye peke yake, na hapa ndipo ninapotaka uelewe nafasi yako. Katika jeraha la kichwa, aliyeumia ni shahidi dhaifu wa hali yake. Mguu ukivunjika, ubongo unakuambia mguu umevunjika. Ubongo ukiumia, kinachoulizwa habari ndicho kilichojeruhiwa. Kwa hiyo mume wako akisema ni uchovu, hakudanganyi, ila neno lake halina uzito ambao lingekuwa nao angekuwa anaumwa tumbo. Wewe unayemjua, unayejua anavyoongea, anavyotembea, anavyokasirika na anavyocheka, ndiye kipimo bora kilichopo mpaka afike kwa daktari. Ukienda hospitali usiseme tu "alianguka." Sema: "Huyu siye yeye. Tangu jana anachanganya majina ya watoto wake." Daktari makini atainua kichwa akisikia hivyo.

Hata hilo la "hakuzimia" nisingelitegemea sana. Mtu aliyepoteza fahamu kwa nusu dakika mara nyingi hajui kwamba alipoteza. Badala ya kumwuliza kama alizimia, mwulize: kitu cha mwisho unachokumbuka kabla ya kuanguka ni kipi? Na cha kwanza baada ya kuanguka? Kukiwa na pengo katikati, una jibu. Na akikuuliza jambo lilelile mara tatu ndani ya dakika kumi, usimcheke.

Nundu nayo iache. Nundu ni damu na maji yaliyo nje ya fuvu, chini ya ngozi, na kwa mtu mzima haikuambii lolote la maana juu ya kilichomo ndani. Yale maneno kwamba uvimbe ukitoka nje basi ndani ni salama hayana msingi wowote. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi, kwa hiyo kidonda kidogo hutoa damu ya kuogofya, ilhali pigo linaloua linaweza lisiache hata mkwaruzo.

Tuseme basi mtu amegonga kichwa na hana dawa kama za mume wako. Ni lini aende? Aende mara moja, bila kungoja, aliyezimia hata kwa muda mfupi, aliyepata degedege, anayetapika zaidi ya mara moja, ambaye kichwa kinazidi kuuma licha ya dawa ya maumivu, anayesinzia na kuamka kwa shida, aliyechanganyikiwa au kubadilika tabia, anayeona vitu viwili viwili, mwenye ganzi au udhaifu wa mkono au mguu, au asiyetembea sawasawa. Maji maangavu, au yenye rangi ya damu, yakitoka puani au sikioni, yaweza kuwa ni yale maji ya ubongo, maana yake fuvu limepasuka upande wa chini. Usizibe, acha yatoke, nenda. Alama ya weusi kuzunguka macho yote mawili, au nyuma ya sikio, wakati pigo halikuwa hapo, ina maana hiyohiyo, ila kwa kawaida hutokea baada ya saa nyingi au siku moja mbili.

Watu wengi wakisikia habari ya kichwa hukimbilia tochi na kumulika mboni za macho. Zikiwa sawa, wanatulia. Jambo hili hunisumbua, kwa sababu mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine ni dalili ya kuchelewa: ubongo tayari umeshabanwa kiasi cha kukandamiza neva ya jicho. Ukiiona, kimbia. Usipoiona, hujapata ruhusa ya kukaa nyumbani.

Namna alivyoumia nayo inahesabiwa, hata kama dalili bado hazijaja. Kuanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita moja au ngazi tano, kugongwa na gari, kurushwa kutoka kwenye pikipiki, kupigwa na kitu kizito: hao nataka waonwe. Vilevile mwenye miaka 65 na zaidi, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa ubongo, mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, na anayeishi peke yake bila wa kumwangalia usiku. Kwa aliyelewa natoa onyo la pekee. Pombe huleta usingizi, kutapika na maneno yasiyoeleweka, na jeraha la ubongo huleta hayohayo. Mlevi aliyeanguka akaachwa "alale mpaka pombe imtoke" ni mmoja wa wagonjwa ambao hufikishwa hospitali kwa kuchelewa mno. Kama aligonga kichwa, chukulia ni kichwa mpaka ithibitishwe ni pombe.

Kama pigo lilikuwa kubwa na analalamika shingo, au hana fahamu, usimwinue wala kumgeuzageuza kichwa isipokuwa pale alipo pana hatari, kwa mfano barabarani. Akitapika akiwa amelala, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa kikienda sambamba na mgongo.

Anayebaki salama nyumbani ni yule aliyegonga kidogo, hakupoteza fahamu, anakumbuka kila kitu, anaumwa kidogo mahali pa pigo, pengine kizunguzungu cha muda, na kila saa inayopita anaendelea kuwa afadhali. Hilo la mwisho ndilo ninalolitazama kuliko yote: mwelekeo. Awe na mtu mzima wa kumwangalia kwa saa 24 za mwanzo, na saa sita za kwanza zitiliwe mkazo. Asinywe pombe. Kwa maumivu apewe parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziwekwe kando siku mbili za mwanzo kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja damu.

Na usingizi? Pole kwa kukesha, lakini hakukuwa na haja. Kulala hakumdhuru aliyegonga kichwa. Woga huo ulitokana na kwamba aliyelala hawezi kuonyesha dalili, na pengine na watu waliodhaniwa wamelala kumbe wamepoteza fahamu. Mtu aliye sawa aachwe alale wakati wake wa kawaida. Ukiwa na wasiwasi, mwamshe mara moja mbili usiku: afumbue macho, akutambue, aseme neno la maana, arudi kulala. Cha kuogopa ni usingizi usio wa wakati wake, na ule usioamshika.

Kwa watoto mizani hubadilika, na zaidi kwa huyo wa miezi minane. Mtoto mchanga hasemi kichwa kinauma. Anasema kwa kulia kusikonyamazika, kwa kukataa kunyonya, kwa kulegea, kwa kutokutazama uso wako. Utosi wake ukituna na kukaza akiwa ametulia na umemshika wima, usisubiri. Na tofauti na niliyosema juu ya baba yake, nundu ya mtoto wa chini ya miaka miwili ina maana: ile ya kwenye paji la uso kwa kawaida haina neno, ila iliyo pembeni, juu ya sikio au kisogoni, hasa ikiwa teketeke, yaweza kuficha mfupa uliopasuka. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia watoto zaidi ya 42,000 nchini Marekani, uliitaja nundu hiyo kati ya dalili za kuangalia kwa watoto wa umri huo, pamoja na kupoteza fahamu kwa sekunde tano au zaidi, kuanguka kutoka kimo cha zaidi ya sentimita 90, na mzazi kuona kwamba mtoto hayuko kawaida yake. Hili la mzazi halikutiwa kwa adabu tu. Lilionekana kuwa na uzito. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja mimi husema: aliyegonga kichwa kwa nguvu, aonwe, hata akicheka.

Wa miaka sita anaweza kukueleza. Akitapika mara moja baada ya kuanguka, kisha akarudi kucheza, mwangalie nyumbani. Akitapika mara tatu, kichwa kikimuuma sana, akizimia, au akiwa ameanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita moja na nusu, mpeleke. Usishangae daktari akiamua kumkalisha wodini kwa saa nne hadi sita badala ya kumpiga CT papo hapo. CT ina mionzi, na ubongo wa mtoto huihisi zaidi. Kumtazama kwa makini nako ni tiba. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Hospitalini watampima fahamu kwa kipimo kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Macho yana alama 4, maneno 5, mwendo wa viungo 6. Aliye timamu anapata 15, na wa chini kabisa 3. Anayefumbua macho na kutii maagizo ila anachanganya maneno anapata 14, na ingawa yasikika kama matokeo mazuri ya mtihani, kwenye kichwa kilichogongwa alama moja iliyopotea haipuuzwi. Wakitaka kumpiga eksirei ya fuvu tu na kumrudisha, uliza kwa heshima habari ya CT: eksirei huonyesha mfupa, na tunachotafuta ni damu.

CT ikionyesha damu, daktari wa upasuaji wa ubongo ndiye atakayeamua kama itolewe au ifuatiliwe kwa vipimo vya kurudia. Ikiwa safi, uwezekano mkubwa ni kwamba alipata mtikisiko wa ubongo, ambao hauonekani kwenye picha kwa sababu hakuna kilichopasuka. Ni utendaji wa seli uliovurugika. Apumzike siku moja au mbili, apunguze simu na kompyuta, kisha arudie shughuli zake hatua kwa hatua. Kumfungia chumba chenye giza wiki nzima hakusaidii. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili, watoto ndani ya wiki nne. Asiendeshe gari mpaka akili na macho yawe sawa, na mchezo wowote wa kugongana ungoje mpaka daktari aruhusu, kwani pigo la pili kabla la kwanza halijapona laweza kuuvimbisha ubongo kwa namna isiyozuilika.

Kuhusu dawa yake, lini airudie na kwa kiasi gani ni uamuzi wa daktari, na mtake awaandikie kwenye karatasi kabla hamjaondoka, maana lile donge la mguuni nalo halijasahau. Kwa mtu anayetumia dawa hiyo damu inaweza kuanza kuvuja baada ya CT ya kwanza kuwa safi. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa zijazo, maumivu ya kichwa yakianza upya, akianza kulala kupita kiasi au yale majina yakachanganyika tena, rudini hospitali siku hiyohiyo, hata kama mnayo majibu yanayosema hakuna kitu.